Siku arobaini baada ya nyumba kuungua

Kitu cha kwanza tulicholetewa asubuhi ile kilikuwa kandambili. Jozi nane, saizi mbalimbali, kutoka kwa mama muuza vitumbua wa barabara ya nyuma. Usiku alituona tumesimama nje miguu mitupu, akatuhesabu, na maduka yalipofunguliwa akaenda kununua. Hakusema maneno mengi. Aliweka mfuko mbele ya mama yangu, akamshika mkono, akarudi kwenye karai lake. Tangu siku hiyo nikisikia kuna watu wameunguliwa na nyumba, najua pa kuanzia.

Nyumba yetu ilikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Babu mzaa baba aliijenga zamani alipokuwa akifanya kazi ya reli. Nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma na jiko lake. Kuta za mawe na udongo, paa la bati. Baba alikuja kuongeza silingibodi ili kupunguza joto, na nafikiri silingibodi hiyo ndiyo iliyoubeba moto kutoka chumba hadi chumba kabla hatujaamka. Ndani tulikuwa wanane: mama, kaka na mkewe na watoto wao watatu, mimi na binti yangu.

Ilikuwa Jumatano, 9 Novemba 2022, saa nane za usiku. Niliamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Nilipofungua mlango wa chumba, ukumbi ulikuwa umejaa moshi mzito, mweusi, umening'inia kuanzia usawa wa kifua kwenda juu. Chini kulikuwa bado kunaonekana. Nilimshusha binti yangu sakafuni, tukatambaa kuelekea uani, huku nikiita majina ya watu wote. Kaka alimtoa mama kwa nguvu, maana mama alitaka kurudi kuchukua sanduku lake. Majirani walikuja na ndoo. Mmoja wao, fundi umeme, alipiga kelele, "Msimwage maji! Zimeni meni swichi kwanza!" Akaizima yeye mwenyewe kwa kijiti kikavu. Namba ya Zimamoto, 114, tulikuja kuikumbuka muda mrefu umeshapita, wote tukiwa tumeshughulika na ndoo. Ningeomba kila anayesoma hapa aiweke kichwani leo. Vijana wa Zimamoto walipofika paa lilikuwa limeshaanguka, lakini waliziokoa nyumba mbili za ubavuni, na kwa hilo nitawashukuru siku zote.

Kulipokucha tuliingia na zile kandambili. Sufuria za mama zilikuwa kwenye kichanja uani, zimepangwa moja ndani ya nyingine, nyingine tangu harusi yake. Alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi. Tulikuta bonge moja limetiririka na kuganda sakafuni, linang'aa, na ukiangalia kwa makini unaona ukingo wa sufuria moja umejitokeza kama mdomo. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imebaki jino lake tu, limekuwa jeusi. Pembeni yake chungu cha samaki kilikuwa kizima, hakina hata ufa. Mama alikiinua, akakipangusa kwa upindo wa kanga aliyoazimwa, akakiweka kwapani. Alitembea nacho hivyo hivyo siku nzima.

Mwaka uliotangulia ningekuambia naijua huzuni ya moto. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 nilikaa mbele ya televisheni nikasema pole, pole jamani, nikasikitika kwa dhati kabisa. Kisha nikaenda kulala kwenye kitanda changu. Sasa nafahamu kwamba sikuwa nimewaza hata mara moja kuhusu kesho yake: mtu anaamka, anataka kupiga mswaki, hana mswaki.

Watu walikuja kutupa pole. Walikuja kwa wingi, Mungu awalipe, na wengi walisema maneno yale yale: bora uhai, mali hutafutwa, mshukuru Mungu hakufa mtu. Ni kweli. Ilikuwa kweli tangu dakika ya kwanza, na nilipowahesabu watoto barabarani usiku ule niliisema mwenyewe. Lakini siku ya nne, ya tano, ya sita, maneno hayo yalianza kuniumiza. Nilihisi kama naambiwa nisilie. Mama ndiye aliyekuwa akiitikia, "Alhamdulillahi," kwa kila mtu, na usiku, kwenye chumba tulichohifadhiwa na jirani, nilikuwa nasikia anavyogeuka kitandani.

Mimi nilijificha kwenye daftari. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ametuambia tuandike orodha ya mali iliyoungua kwa ajili ya barua yake, basi nikaanza. Bima hatukuwa nayo, hakuna aliyekuwa anaisubiri ile orodha kwa haja ya kutulipa. Bado niliendelea kuandika. Kitanda, bei. Godoro, bei. Pazia za sebuleni, bei. Nilikuwa naamka usiku kuongeza kitu nilichokikumbuka: pasi, mwavuli, kibao cha chapati. Baada ya wiki mbili nilikuwa na vitu 214, na kila nilipofika mwisho nilianza kujumlisha upya, kana kwamba jumla ikitoka sahihi kuna mlango utafunguka.

Kitu kimoja sikukiandika. Waya.

Mama alikuwa anauza barafu na juisi ya ubuyu, kwa hiyo tulikuwa na friji na friza, vyote kwenye ekstensheni moja iliyovuka ukumbi. Watoto walikuwa wanajikwaa. Mimi ndiye niliyeinua zulia nikaupitisha ule waya chini yake, nikaona nimefanya jambo la maana. Afisa wa Zimamoto alitueleza bila ukali: waya ukibebeshwa umeme mwingi hupata joto, ukiwa wazi joto linatoka, ukiufunika linabaki pale pale, plastiki inalegea taratibu, hata miezi, mpaka shaba zigusane na kupiga shoti. Fyuzi ingepaswa kukata. Yetu ilikuwa ya kizamani, ya kauri, na ndani yake hapakuwa na waya wake mwembamba; palikuwa pamefungwa nyuzi nene za shaba ili isikatikekatike. Alisema hayo mbele ya wote. Nilitazama chini. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeliinua zulia.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuja kutoka Pangani wiki ya tatu. Alichelewa kwa sababu alikuwa anauguza. Ni mfanyabiashara wa kanga tangu ujana wake, na madeni ya wateja wake yote yako kwenye madaftari yaliyochorwa mistari kwa rula. Nilimwamkia, akaitikia, akalala nami chumba kimoja. Usiku akaniona naandika kwa tochi ya simu.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Vilivyoungua, shangazi."

Alilichukua daftari, akavaa miwani, akasoma kurasa zote. Alisoma kama asomavyo madeni, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akaniambia, "Hii si hesabu. Umechanganya pasi na msahafu wa baba. Vitu hivi havilingani, ndiyo maana hupati jumla." Akaniomba kalamu na kitu kilichonyooka. Nilimpa kitana. Akachora mistari miwili kutoka juu mpaka chini, zikawa safu tatu, akazitaja: vya kununua, vya kufuatilia, vya kuaga.

Ilituchukua usiku mbili kuvigawa. Vitu 171 viliingia safu ya kwanza. Pasi inauzwa, mwavuli unauzwa, hata kitanda kinauzwa. Sikusema ni rahisi kuvipata, na fedha hatukuwa nazo. Vingine mpaka leo hatujanunua. Lakini nilipoviona vimekaa pamoja kwenye safu yao nilitambua kwamba nilikuwa navililia kwa kilio kisicho chake. Mwavuli hauhitaji kulala macho.

Safu ya pili ilikuwa na vitu 37, na hiyo ndiyo iliyonipa kazi, na kazi ndiyo iliyonirudishia miguu. Nyaraka huungua, lakini kumbukumbu zake ziko kwingine. Nilianza polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya tukio, na barua ya mtaa, nikatoa nakala nyingi maana kila ofisi inataka yake. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, haibadiliki, kadi tu ndiyo iliyoteketea, na namba zetu nyingi zilikuwa kwenye meseji za simu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilikuwa kwenye kumbukumbu za RITA, wanaosajili vizazi. Cheti changu cha kidato cha nne nilikitangaza gazetini ndipo nikapeleka maombi Baraza la Mitihani. Jalada la kiwanja lilikuwepo Halmashauri ya Jiji, na siku niliyoliona jina la babu limepigwa taipu kwenye karatasi ya manjano nilimwomba yule karani anipe dakika moja nitoke nje. Binti mkubwa wa kaka alikuwa kidato cha nne, na moto ulitukuta siku chache tu kabla ya mtihani wa taifa. Wenzake walitoa kopi za madaftari yao, kila mmoja somo lake, wakazifunga kwa uzi. Alifanya mtihani na sare ya kuazima. Kikoba cha mama, kikundi chake cha kuweka na kukopa, kilimsimamishia marejesho na kumpa fedha kutoka mfuko wa jamii, ule ambao miaka yote nilikuwa namwona akiuchangia sarafu sarafu na nikijiuliza wa nini.

Tulipofika mwisho wa safu ya pili shangazi alinitazama juu ya miwani. "Kuna kitu hujaandika."

Sijui alijuaje. Nilimwambia kuhusu zulia. Nilieleza yote, nikalia kama sijalia tangu usiku ule, nikangoja aseme si kosa lako. Hakusema. Alisema, "Andika."

"Niandike nini?"

"Waya. Umeandika mpaka kibao cha chapati, hilo umeliruka. Andika safu ya katikati. Ni la kufuatilia."

Asubuhi nilimfuata kaka. Alikuwa anachambua bati, anatenga zinazofaa kuzibia banda na zisizofaa. Nikamwambia waya niliuficha mimi. Aliendelea kunyoosha bati moja kwa nyundo, polepole, mpaka nikadhani hakunisikia. Halafu akasema, "Niliuona siku ileile. Nikaona umefanya vizuri." Akaweka nyundo chini. "Na ile fyuzi niliifunga mimi. Baba alinishikia taa." Tulikaa hapo kwenye lundo la bati, hatukusema tena, na mkewe alipotuletea chai alitukuta tumekaa hivyo. Sikuondokewa na uzito wote. Ila ulikuwa wetu wawili sasa, na baba kwa upande wake, na waya kwa upande wake, na shaba inayopata joto kwa sababu shaba ndivyo ilivyo.

Safu ya tatu ilikuwa na vitu sita. Sita kati ya 214. Ndiyo hesabu iliyonifanya nipumue, na hainifanyi nivione vidogo. Kinyume chake, niliviona vizuri kwa mara ya kwanza, kwa kuwa havikuwa vimezingirwa na pazia na ndoo. Picha ya babu na bibi mbele ya baraza. Kaseti yenye sauti ya baba akiimba kwenye harusi ya mdogo wake. Doti ya kanga aliyotolewa mama katika mahari yake. Samadari, kitanda cha bibi. Kiti cha baba. Na msahafu wa babu.

Mama hakutaka kusikia habari ya matanga. Shangazi alisema msiba wowote una siku ya kuanuliwa, watu wakaoga, wakarudi makazini, na sisi tumeachwa tunapewa pole bila mwisho. "Hakufa mtu, wifi," mama akamjibu. "Tusimkosee Mungu." Wakabishana kwa heshima, kama mawifi waliokaa miaka mingi wanavyobishana, na mwisho wakakubaliana: itasomwa hitima ya shukrani, palepale kwenye kiwanja, siku ya arobaini. Jina waliloafikiana ni la mama. Siku ni ya shangazi.

Ilikuwa Jumapili, 18 Desemba. Tulifagia ukumbi usio na paa, tukatandika mikeka. Kurasa za msahafu zilizosalia, kingo zake zimekuwa kahawia na zinavunjika ukizigusa, shangazi alikuwa amezitunza kwenye kitambaa cheupe. Maalimu alizizika uani, mahali pasafi, karibu na ukuta. Tukasoma, tukala pilau. Mama alipika pia samaki wa nazi kwenye kile chungu, na nazi aliikuna mwenyewe: fundi seremala alikuwa amelichukua lile jino la mbuzi, akalisugua mpaka likatoa makali, akalitia kwenye mbao mpya. Baada ya alasiri vijana wakaanza kuangalia simu. Ilikuwa siku ya fainali ya Kombe la Dunia, Ajentina na Ufaransa, na saa kumi na mbili jioni walikuwa wote wameshahamia banda la mpira. Hatukuwakataza. Watoto walikuwa wameishi na majivu wiki sita.

Tukabaki wakubwa. Shangazi akatoa msahafu mpya, akaufungua kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo.

Nieleze kidogo. Babu alikuwa akiandika pale kila mtoto aliyezaliwa kwenye ile nyumba: jina, siku, mwezi wa Kiislamu, kwa Kiswahili lakini kwa hati za Kiarabu, wino mweusi. Nakala haikuwepo popote. Kwa watoto wake na kwa baadhi ya wajukuu, ule ukurasa ndio uliokuwa ofisi yao ya vizazi. Mimi nilikuwa nimeuweka safu ya tatu bila kufikiri mara mbili.

"Tujaribu," shangazi akasema.

Wazee wakaanza. Baba alizaliwa mwaka wa Kura Tatu, 1958, hilo lilijulikana, babu alikuwa akilisimulia. Mwezi je? Baba mdogo mkubwa akasema ilikuwa kabla ya mvua za masika, kwa sababu bibi alikuwa akieleza jinsi alivyobebwa kwa mkokoteni barabara ikiwa kavu. Shangazi mwenyewe alizaliwa wiki ile ya Uhuru, Desemba 1961. Aliitwa jina la pembeni kwa ajili hiyo na hakuna aliyelitumia tena tangu bibi afe, mpaka usiku ule ndugu yake mmoja alipolitamka na shangazi akafunika uso. Aliyefuata, mwaka wa Muungano. Wa mwisho, mwaka wa Azimio la Arusha, mwezi wa Ramadhani, hilo alikuwa na hakika nalo kwa kuwa alikuwa akiambiwa alizaliwa watu wakifuturu. Walikuwa wanakatizana, wanacheka, wananyamaza. Mahali penye shaka shangazi aliacha nafasi. Mimi niliandika kwa herufi za kawaida, kalamu ya bluu, na kwa mbali kelele za banda la mpira zilikuwa zinapanda na kushuka.

Kuna vitu vya safu ya tatu vilivyorejea. Picha ya babu na bibi, binamu aliye Mombasa aliwahi kuipiga kwa simu yake, akatutumia mwezi Januari. Imepinda upande mmoja na ina mng'ao wa taa kwenye kioo, lakini ni wao. Kaseti haikupatikana. Sauti ya baba nimeiaga, na zipo siku naiaga tena.

Tulipomaliza watoto wa babu tukaingia kwa wajukuu. Kaka, mimi, wadogo zetu, watoto wa baba wadogo. Sisi wengi tuna vyeti, kwa hiyo ilikwenda haraka. Nilitaka kufunga kalamu. Shangazi akanizuia kwa mkono, akamgeukia mama, akamwuliza taratibu sana, "Na yule wa kwanza, wifi? Baba alimwandika. Niliiona kwa macho yangu."

Nilijua kwamba kabla ya kaka kulikuwa na mtoto. Jina lake sikuwahi kulisikia likitajwa nyumbani. Niliinua macho kumwambia shangazi amwache mama, miaka imepita mingi, hawezi kukumbuka. Banda la mpira lililipuka kwa shangwe, penalti zimeisha, na ikabidi tungoje zile kelele zitulie.

"Jumatano," mama akasema. "Siku iliyofuata Mwalimu kukabidhi nchi kwa Mzee Mwinyi. Adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa. Aliishi siku kumi na moja, tukamzika Jumapili asubuhi." Alivuta mtandio akausawazisha begani, akasogea karibu na taa ili aone ninavyoandika. "Andika vizuri, mwanangu. Jina lake linaanza na S."